Mshahara unaomezwa na ovadrafti kabla haujashikwa: hesabu zangu za miezi 6, Lamu

Karani wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya nyumba ya wageni huko Shela, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimweleza mwenye nyumba hiyo kila shilingi yake ilikokwenda. Mwezi huu wa Julai 2025 ndio mara ya kwanza nimeketi na taarifa ya akaunti yangu mwenyewe, nikapiga mstari mwekundu kila palipoandikwa neno ada. Kuanzia Januari hadi Juni nimelipa Sh6,480 kwa sababu ya ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia zaidi ya pesa zilizomo katika akaunti, ambayo kikomo chake ni Sh10,000 tu. Nilijumlisha mara mbili, kisha nikampa mwanangu naye ajumlishe, kwa maana nilidhani nimekosea.

Naomba niieleze hesabu yenyewe kwa utaratibu. Mshahara wangu wakati wa msimu, baada ya makato yote, ni Sh28,400, nao huingia tarehe 5. Zikifika tarehe 17 hivi pesa hizo huwa zimekwisha, nami huingia katika ovadrafti kwa siku 18 zilizobaki. Januari na Februari benki ilinitoza asilimia 4 ya kiasi nilichotumia, yaani Sh400, na juu yake ushuru wa asilimia 20 ambao serikali hutoza ada za benki, yaani Sh80. Machi ada hiyo ikapanda hadi asilimia 6.5, na zile Sh480 zikawa Sh780. Taarifa ililetwa kwa ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, katikati ya jumbe za matangazo, nami nikaufuta pamoja na nyingine.

Aprili ikaja na kusi. Anayeijua Lamu hahitaji kuelezwa: bahari inachafuka, wageni wanapungua, na mkataba wetu wa kazi unasema kuwa kuanzia Aprili hadi Juni tunalipwa thuluthi mbili. Mshahara ukawa Sh19,000. Benki ilipochukua Sh10,000 zake pamoja na Sh780 za ada, nilibakiwa na Sh8,220, nikarudi katika ovadrafti kabla ya wiki ya pili kwisha. Tarehe 28 kulikuwa na agizo la malipo ya kudumu, ambalo benki hulilipa yenyewe kila mwezi, la Sh2,000 kwenda katika chama changu cha akiba na mikopo. Siku hiyo kikomo kilikuwa kimekwisha, agizo likarudishwa, nami nikatozwa Sh1,000 na ushuru wa Sh200 juu yake. Jambo hilo lilitokea Aprili, likatokea tena Mei. Yaani nimelipa Sh2,400 kwa malipo ambayo hayakufanyika.

Kilichonishtua zaidi si jumla. Ni kwamba kwa muda wote huo nilikuwa nikijiambia nina deni moja dogo la Sh10,000, nitalimaliza mambo yakitengenea. Kumbe sikuwa na deni moja. Kila tarehe 5 nililipa deni lote, na kila tarehe 17 nililikopa upya na kulilipia ada upya kama mtu aliyeingia mlangoni leo. Sh780 kwa Sh10,000 zilizokaa siku 18, ukizipanua kwa mwaka mzima, zinapindukia asilimia 150. Mwenye nyumba ya wageni angeniletea mkopo wa namna hiyo niuandike katika vitabu vyake, ningemwita pembeni tuzungumze.

Mpaka sasa nimefanya mambo mawili. Nimekwenda katika tawi nikajaza fomu ili agizo la chama lihamishwe kutoka tarehe 28 hadi tarehe 6, siku moja baada ya mshahara, na kwa hilo pekee zile faini za Sh1,200 zitakoma. Kisha nimeacha kupanda mashua asubuhi kwenda Shela; natembea ufuoni kwa dakika 40 hivi, isipokuwa siku ambazo maji yamejaa na kufunika njia.

Ninaloomba kwenu ni ushauri juu ya maswali mawili. Je, nichukue mkopo katika chama ili niizike ovadrafti kwa mara moja, au niombe kikomo kipunguzwe kidogo kidogo kila mwezi? Na je, benki ina haki ya kupandisha ada namna hiyo?

Mwalimu wa Faza

Dada Karani, umeeleza hali ya nusu ya walimu ninaowafahamu. Nitaongeza jambo moja ambalo wengi wetu hatulitazami. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema kuwa jumla ya makato katika mshahara isizidi thuluthi mbili, ili mfanyakazi aende nyumbani na thuluthi moja angaa. Mikopo inayokatwa kupitia hati ya mshahara hupimwa kwa kanuni hiyo. Ovadrafti haimo katika hati ya mshahara. Inakusubiri ndani ya akaunti, na mwajiri anapokuwa amekwisha kutimiza sheria yake, benki nayo inachukua chake katika ile ile thuluthi uliyoachiwa. Yuko mwenzangu ambaye hati yake inasema anapokea Sh14,000, na mkononi hufika Sh3,000.

Na thuluthi hiyo yenyewe imenyauka. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kiwango cha juu, na ushuru wa nyumba, ulioanza kabla yake, asilimia 1.5. Sizungumzii ubaya wala uzuri wake. Nasema tu kwamba mtu ambaye miaka mitatu iliyopita alifika tarehe 25 bila kukopa, leo anakwama tarehe 20, na siku hizo tano ndizo zinazouzwa na benki kwa bei ya dhahabu.

Sisi wa visiwani tuna gharama nyingine pia. Kujaza fomu kama uliyojaza wewe, mtu wa Faza anapoteza siku nzima ya kazi na nauli ya mashua kwenda mjini na kurudi. Ndiyo maana ada ndogo za makosa huwa tunaziacha zipite.

Kijana wa Mkunguni

Samahani kwa ukweli, lakini tatizo ni matumizi. Mtu anayepokea Sh28,400 hana haja ya ovadrafti. Punguza matumizi.

Karani wa Langoni

Ndugu yangu, sikukasirika, lakini soma tena hesabu. Sh6,480 kwa miezi sita ni Sh1,080 kwa mwezi. Katika matumizi yangu sina kitu kingine cha Sh1,080 kwa mwezi ambacho hakiliwi, hakivaliwi, wala hakimsomeshi mtoto. Kwa hiyo ushauri wako nimeukubali: matumizi ninayoyapunguza ni hayo.

Mvuvi wa Kizingitini

Mimi sina mshahara, kwa hiyo hakuna benki iliyonipa ovadrafti. Nina ile ya simu. Nataka niwaeleze jinsi inavyomkamata mtu ambaye pesa zake haziendi kwa mwezi bali kwa maji. Pweza na kamba sisi tunawapata vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikaonekana. Maji mafu yakiingia, wiki hiyo hakuna kitu cha maana. Basi mtu anakopa kwenye simu siku ya kwanza ya maji mafu ili anunue unga na mafuta ya mashine, akijua kuwa baada ya siku saba au nane atalipa. Ada nayo inahesabiwa kila siku inayokucha. Upepo ukikaza, siku nane zinakuwa kumi na mbili.

Jambo la pili ni kwamba deni la simu halichagui pesa za kula. Mnunuzi alinitumia Sh3,000 za kununulia barafu ili samaki wake wasiharibike. Zilipoingia tu, zikakatwa. Pesa hazikuwa zangu. Nilimwomba radhi mnunuzi, akanisamehe, lakini tangu siku hiyo hunitumia pesa kwa mkono wa nahodha. Wako wanaokimbilia laini nyingine ya simu ili kukwepa makato. Nami nilifikiria hivyo, kisha nikaona nitakuwa na madeni mawili na jina moja.

Sasa ninakopa kwa mwenye duka, anaandika katika daftari, na bamvua ikifika ninamlipa yeye kwanza. Haongezi hata shilingi. Anachotaka ni kuniona uso kwa uso nisipokuwa nacho.

Mstaafu wa benki, Malindi

Bi Karani, nilifanya kazi nyuma ya kaunta kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Malindi, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili kwanza, kwa kuwa ndilo linalopotoshwa sana.

Watu husikia kwamba Benki Kuu ya Kenya imeshusha riba, wakaenda benki wakiwa na furaha, wakakuta gharama zao zimepanda. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikapandishwa hatua kwa hatua hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha kikaanza kushuka Agosti ya mwaka huo, na mwezi uliopita, Juni 2025, kimefika 9.75. Ada yako imepanda Machi, wakati kiwango hicho kikishuka. Inawezekanaje? Kwa sababu unacholipa hakiitwi riba. Kinaitwa ada ya kushughulikia, na ada haifungamani na kiwango cha Benki Kuu. Tulipowekewa kikomo cha riba Septemba 2016, ambacho hakikuruhusu mkopo kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4, na hadi kilipoondolewa Novemba 2019, mteja mwerevu alijifunza kuuliza swali moja tu: nikikopa Sh10,000 nitarudisha ngapi kwa jumla, na siku gani? Jina la makato mwachie mwenye benki.

Kuhusu haki: kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kuongeza ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mwongozo wa Benki Kuu juu ya kumlinda mteja unaitaka benki itoe taarifa siku 30 kabla ya kubadilisha ada. Na Katiba, ibara ya 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika nayo. Kwa hiyo usiende kulalamika kwa mdomo. Andika barua, uliza mambo matatu: ada mpya iliidhinishwa lini, taarifa ilitumwa lini, na kwa nini haikutumwa kwa lugha unayoisoma vizuri. Omba nakala igongwe muhuri. Usipojibiwa, barua hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoambatanisha unapoandikia Benki Kuu. Sikuahidi kwamba utarudishiwa pesa. Nimewahi kuona ada zikirudishwa, hasa zile za agizo lililokataliwa mara mbili mfululizo, kwa sababu ofisa wa tawi ana mamlaka fulani ya kusamehe na huyatumia kwa mteja aliyekuja na karatasi.

Ndugu yetu wa Kizingitini ametaja ya simu, nami naongeza hesabu yake kwa jumla. Fuliza, yaani ovadrafti ya M-Pesa, ilianzishwa Januari 2019, na ada zake zikapunguzwa Oktoba 2022, ambapo madeni ya Sh1,000 kushuka chini yalipewa siku tatu bila ada ya siku. Hata hivyo tazameni umbo la ada zilizobaki. Kuna asilimia 1 ya kuingia, kisha ada ya kila siku: aliye kati ya Sh1,501 na Sh2,500 hulipa Sh20 kwa siku, na aliye juu ya hapo, hadi Sh70,000, hulipa Sh25. Aliyechukua Sh2,000 kwa siku kumi atalipa Sh220, mbali na ushuru, yaani asilimia 11. Aliyechukua Sh60,000 kwa siku hizo hizo atalipa Sh850, ambazo hazifiki hata asilimia moja na nusu. Ada isiyobadilika kwa siku humwelemea mwenye deni dogo, na mwenye deni dogo ndiye mwenye kipato kidogo.

Sasa swali la kwanza. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Sh10,000 ukizilipa kwa miezi 12, riba yote ni kama Sh650. Wewe unalipa Sh780 kila mwezi. Kwa upande wa pili, ukishusha kikomo kwa Sh1,000 kila mwezi, miezi kumi itakugharimu Sh3,510 za ada. Hesabu inasema chama. Uzoefu wangu unasema tahadhari: wengi niliowaona walichukua mkopo wa chama, wakaifuta ovadrafti, wakaacha kikomo wazi, na baada ya miezi miwili walikuwa na madeni yote mawili. Kikomo kisichofungwa kwa barua ni mlango uliorudishwa bila komeo.

Na usihamishe mshahara kwenda benki nyingine huku ukiliacha deni nyuma. Likipita siku 90 bila kulipwa jina lako huenda katika ofisi za taarifa za mikopo, na hapo hata chama kitakuuliza maswali. Kwa njia, kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake katika ofisi hizo bure mara moja kwa mwaka. Iombe.

Bi wa Mkomani

Wanangu, mmehesabu vizuri, lakini hakuna aliyelitaja neno ambalo sisi wengine hutukosesha usingizi kabla ya hesabu yenyewe. Mzee wa Malindi anasema si riba, ni ada. Ikiwa ada inapanda kadiri ya kiasi ulichokopa, mimi sioni tofauti, na niliowauliza wenye elimu yao hawakuniridhisha kwamba ipo. Kila mtu na dhamiri yake, silazimishi.

Ninachotaka kumwambia Karani ni hiki. Sisi tuna mchezo wa wanawake kumi, kila mmoja hutoa Sh1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu huzipokea zote Sh10,000. Anayepewa zamu ya kwanza amekopeshwa bila nyongeza, na anayepewa ya mwisho ameweka akiba. Hiyo Sh10,000 unayoitafuta ndiyo hii hii. Mchezo mpya unaanza Agosti. Zamu za mwanzo hatumpi mtu tusiyemjua, kwa maana wako waliopokea wakahama mji, lakini mama yako namjua, naye akikudhamini nitakutafutia nafasi. Zamu ya kwanza imeshachukuliwa na mwenye harusi, na ya pili ina mgonjwa.

Mwalimu wa Faza

Bi, mchezo ni mzuri, ila naomba Karani asisahau kwamba mchezo hauna sheria ya kumlinda mtu akitoroka mmoja.

Bi wa Mkomani

Ni kweli, Maalim. Ndiyo maana nimetaja mama yake.

Karani wa Langoni

Ni Oktoba sasa, na nimeona niwarudishie jibu kwa kuwa mlinishughulikia.

Nilipata zamu ya tatu. Kwa kuwa nilitakiwa kusubiri, niliunganisha njia mbili: niliandika barua ya kushusha kikomo kwa Sh1,000 kila mwezi, na wakati huo huo nikawa natoa mchezo. Agosti kikomo kilikuwa Sh9,000 na ada Sh702. Septemba Sh8,000 na ada Sh624. Haikuwa rahisi kupungukiwa na Sh2,000 kwa mwezi, ila wageni wa Julai na Agosti walikuwa wamerejea, mshahara ukawa kamili, na agizo la tarehe 6 halijakataliwa hata mara moja. Mwezi wa Septemba nilikwama kwa siku nne, nikafanya kama mvuvi wetu: nilikwenda dukani, nikaandikiwa katika daftari, nikalipa tarehe 5 saa mbili asubuhi kabla ya kupita nyumbani.

Barua ya ada niliipeleka kama Mzee wa Malindi alivyonielekeza. Juu ya idhini ya Waziri sijapata jibu, na nakala ipo tayari kuambatanishwa. Juu ya agizo lililokataliwa, wamenirudishia faini ya Mei, Sh1,200 kamili, bila maelezo yoyote, mstari mmoja tu katika taarifa. Ya Aprili hawakuirudisha. Yule ofisa alikuwa na heshima, lakini alinishangaa nilipomwambia sitaki kikomo kabisa. Alisema nikiache tu, huenda nikakihitaji, na kwamba wateja wengine huomba kiongezwe.

Nilipokea mchezo tarehe 10. Sh7,000 zimebaki katika akaunti zizibe pengo la nusu ya pili ya mwezi, mahali pale pale ambapo ovadrafti ilikuwa inaingia, na Sh3,000 nimezitenga kwa ajili ya kusi ya mwakani. Jumatatu tarehe 13 nikapeleka barua ya mwisho ya kufunga kikomo. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu, nami nikaandika kwamba sikihitaji tena. Nakala yenye muhuri imo katika jalada lile lile la mistari myekundu.

Bado nina zamu saba za kutoa, na Bi wa Mkomani ameshanitumia ujumbe wa kunikumbusha ya Novemba.